Sebule ya Mama Simu

Jumanne ile Mama Simu na mumewe walilala sakafuni chumbani kwao tangu saa tatu asubuhi mpaka karibu saa tano. Si kwa kupenda. Mama Simu alikuwa akimhamisha mzee wake kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miezi mitatu. Akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akahesabu moja, mbili, tatu, akavuta. Kwenye tatu, goti lake la kushoto likakataa kazi. Wakashuka wote wawili polepole, yeye chini na mumewe juu yake, na kile kiti, ambacho alisahau kukifunga breki, kikarudi nyuma chenyewe mpaka ukutani kama mtu asiyetaka kuitwa shahidi.

"Umeumia?" aliuliza.

Mumewe akatikisa kichwa. Tangu apigwe na kiharusi, kichwa ndicho kilichokuwa kikimsemea. Akikitikisa ni hapana, akikiinamisha ni ndiyo, akifumba macho maana yake niacheni. Daktari alisema ulimi haukufa na maneno yamo ndani, ila njia imeziba. Mama Simu aliposikia hivyo alimtazama daktari kama anayemfanyia mzaha. Miaka ishirini na sita alifanya kazi ya kuunganisha watu kwenye mtambo wa simu, na jina lake la mtaani lilitoka huko. Laini ngapi zilizoziba alizifungua kwa mkono wake? Na sasa iliyoziba ilikuwa ndani ya nyumba yake, na hakuwa na waya wa kuchomeka popote.

Alijikwamua kutoka chini ya mzee, akamlaza vizuri, akamwekea mto. Kumwinua hakuweza. Alijaribu mara tatu, mara ya tatu akasikia kitu kikilia kiunoni mwake, akaacha. Kusimama tena goti halikumruhusu, simu ilikuwa sebuleni juu ya kabati, na mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa komeo. Basi naye akajilaza, wakatazama dari.

"Mara ya mwisho kukaa chini namna hii unaikumbuka?" alisema, maana ukimya ulikuwa unamtia aibu. "Enzi za televisheni. Watu wamejaa kwenye viti vyetu, kwenye mikono ya viti, mpaka juu ya meza ya chakula, sisi wenye nyumba tuko sakafuni tumebanwa na miguu ya wageni."

Kooni mwa mzee mkatoka sauti. Mama Simu akageuka haraka akidhani anapaliwa. Hakuwa anapaliwa. Alikuwa anacheka, upande mmoja wa mdomo umepanda juu na mwingine umelala, lakini ni kicheko chenyewe.

Akaendelea, akijiinua kwa kiwiko. "Na wewe juu ya bati unazungusha antena! Unapiga kelele mtaa mzima wakusikie, 'Imekuja?' Na sisi huku ndani..."

"Ba," alisema mzee.

"Eeh?"

"Ba... ba..."

"Bado!" Mama Simu aliketi. "Ndiyo, baba! 'Bado!' Sema tena!"

Lakini njia ilikuwa imeshafunga. Mzee akafumba macho.

Aliyekuja kuwaokoa alikuwa msoma mita wa maji. Alisikia mtu akigonga dirisha kwa ufagio, akazunguka nyuma, akaingia kwa mlango wa jikoni. Kijana wa watu alikuwa na adabu. Alimwinua mzee, akamketisha, akafunga breki, na muda wote akayapeleka macho ukutani ili asionekane ameiona suruali iliyolowa. Ile adabu ndiyo iliyomchoma Mama Simu. Laiti angetazama tu, akasema pole, ingekuwa nafuu.

* * *

Habari haikukaa. Msoma mita alimwambia mwenye duka, mwenye duka akampigia binti yao. Jioni simu ikalia.

"Mama, kwa nini niambiwe na muuza sukari?"

"Kulikuwa na nini cha kukuambia? Tuliteleza kidogo."

"Saa mbili nzima sakafuni ndiyo kidogo?" Binti alikuwa mfamasia kwenye mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa gari, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusoma maagizo kwenye chupa za dawa. "Nakuja Jumapili na gari. Namchukua baba. Huku kuna mtaalamu wa kumfundisha kuongea, na kuna watu wa kumwinua. Hapo amekaa kama picha ya ukutani, mama, na wewe utavunjika mgongo."

"Na mimi?"

Kimya. Mama Simu alikifahamu vizuri kile kimya. Mara ngapi alikisikia kwenye vipokea sauti vya masikioni, mtu wa upande wa pili akitafuta neno laini.

"Nina chumba kimoja tu cha ziada, tena kinaingia kitanda kimoja cha mgonjwa. Mama mkwe yuko kwenye kile kingine, unajua hali yake. Tuanze na baba, wewe tutaona baadaye."

"Sawa, mwanangu," alisema, akakata simu. Alikaa kitako kwenye kochi. Miaka arobaini na tisa ya ndoa, na usiku waliolala mbalimbali angeweza kuuhesabu kwa vidole. Alipojifungua. Alipofiwa na mama yake. Siku nane za hospitali baada ya kiharusi, ambazo nazo alizilala kwenye benchi la nje, kwa hiyo pengine zisihesabiwe.

Usiku hakulia. Aliwaza. Ile "ba" ilimkaa kichwani. Miezi mitatu alikuwa akimuuliza maswali ya leo, utakula nini, unasikia baridi, nikugeuze, na mzee hakujibu hata silabi. Alipomgusia enzi za televisheni, neno lilifika mpaka kwenye meno. Kama binti angefika Jumapili akamkuta baba yake anasema hata neno moja, mtu asingeweza tena kumwita picha ya ukutani. Suala la kumwinua lingebaki, lakini hilo aliliweka pembeni. Alianza na lile aliloliweza.

Alhamisi akawaalika watu wawili waje Jumamosi alasiri. Mmoja ni Mwalimu, mstaafu aliyefundisha Kiswahili, aliyekaa nyumba ya tatu upande wa kulia. Mwingine ni mzee aliyeitwa Tiketi, kwa kuwa ujana wake wote alikata tiketi kwenye ukumbi wa sinema.

"Njooni mnywe chai," aliwaambia, "na mje na mambo ya zamani. Ya televisheni hasa. Msimuulize maswali, mzungumze tu, na akitaka kusema mumwachie nafasi. Msimmalizie neno. Daktari amekataza."

"Mimi nisimmalizie mtu neno?" Mwalimu alisema. "Miaka thelathini na tano kazi yangu ilikuwa hiyo."

* * *

Jumamosi Mama Simu alimnyoa mumewe, akamvika shati la mistari, akakisukuma kiti mpaka sebuleni karibu na dirisha. Ukutani palikuwa na televisheni nyembamba aliyoinunua binti yao, lakini hakuiwasha. Saa kumi Mwalimu na Tiketi wakabisha hodi, na nyuma yao alikuwapo mtu wa tatu ambaye Mama Simu hakumwalika.

Alikuwa Mama Dobi, wa nyumba ya nyuma. Mwanamke mrefu, mabega mapana, kitambaa kimefungwa kichwani kwa kubana. Zaidi ya nusu ya maisha yake aliwafulia watu nguo, na kamba zake za kuanikia zilionekana kutoka dirisha la jikoni la Mama Simu. Walisalimiana kila siku kwenye ukuta wa uani, habari za asubuhi, nzuri, jua la leo kali. Lakini ndani ya sebule hii hakuwa ameingia kwa miaka mingi mno, na Mama Simu siku zote alijiambia kwamba yule mama ni mtu wa kujitenga tu.

"Tiketi ameniambia mnazungumza ya zamani," alisema Mama Dobi. "Nimekuja kumwona Fundi."

"Karibu, karibu sana jirani." Mama Simu akaongeza kikombe.

Fundi, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita mzee, kwa kuwa alitengeneza saa kwenye kibanda karibu na posta hadi macho yalipomchoka. Mama Dobi alimshika mkono ule uliokufa, si ule mzima, akaushika kwa muda, kisha akaenda kuketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango.

Ikawa kazi kuanza. Walikunywa chai, wakasifu biskuti. Hatimaye Tiketi akakohoa.

"Fundi, mimi leo nitubu. Wewe ulikuwa adui yangu. Uliponunua lile sanduku, watu wa mtaa huu waliacha kuja sinema. Meneja akaniuliza, watu wako wako wapi? Nikamwambia sijui, labda kuna msiba. Na mimi mwenyewe siku zangu za mapumziko nilikuwa hapa, kwenye kona ile, nimevaa kofia ili nisijulikane!"

"Tulikujua," alisema Mama Simu. "Uliicheka picha kabla wengine hawajacheka. Mazoea ya kazi."

Mdomo wa Fundi ukapanda upande mmoja.

Baada ya hapo hapakuwa na wa kuwazuia. Wakalikumbuka sanduku lenyewe, la mbao, miguu minne na milango miwili yenye kufuli, utadhani ndani mna dhahabu. Kitufe cha kubadilishia stesheni kilichovunjika mwezi wa pili, ikawa kinazungushwa kwa koleo, na koleo lenyewe likaheshimiwa, hakuna ruhusa ya kulitumia kwa kazi nyingine. Umeme ulikuwa haujafika mtaani, hivyo Fundi alitumia betri ya gari, anaibeba kila Ijumaa kwenda kuichaji. Ikianza kuisha, picha inasinyaa kutoka pembeni, watu wanasogeza vichwa mbele kama wanaochungulia kwenye tundu, hadi inabaki nukta nyeupe katikati. Na hata hiyo nukta waliitazama mpaka ilipozimika.

"Na ile nailoni ya rangi!" alisema Mwalimu. "Buluu juu, kijani chini, nyekundu katikati. Unaibandika kwenye kioo, eti sasa una televisheni ya rangi. Msomaji wa habari nywele za buluu, tumbo la kijani!"

"Na mama yako mzazi, Mwalimu, Mungu amrehemu," Tiketi akadakia. "Msomaji wa habari akisema 'habari za jioni,' anamjibu, 'nzuri, mwanangu, sijui huko kwenu.' Kisha anavuta gauni kufunika magoti, anatunong'oneza, 'Huyu kijana ana macho makali.'"

Walicheka mpaka Tiketi akatoa leso. Mama Simu alimwangalia mumewe. Macho yake yalikuwa yanang'aa, yanatoka kwa huyu yanakwenda kwa huyu, na midomo ilikuwa inacheza. Alitaka kumwambia sema, sema baba, akajizuia kwa kuuma kidole.

"Zilikuwa siku," alisema Mwalimu akirudisha kikombe kwenye sahani. "Na niseme ukweli mbele yenu. Nyumba nyingine zilikuja kununua televisheni baadaye, wakafunga mapazia. Nyumba hii haikumfungia mtu. Mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu."

"Kwa kila mtu," Mama Simu alikubali, na joto zuri likampanda kifuani.

"Kwa kila mtu?" alisema Mama Dobi.

Hakupaza sauti. Lakini alikuwa hajasema chochote tangu waanze, na wote wakamgeukia. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Mimi sikupanga kusema," aliendelea. "Nilikuwa nacheka kama ninyi. Lakini hilo la kila mtu limenikaa kooni. Binti yangu alikuwa na miaka sita. Alikuwa na mapunye kichwani, nimempaka dawa ile ya zambarau, nimemnyoa. Siku nzima ananiuliza, jua linazama saa ngapi, mama, nikatazame? Nikamwogesha, nikamvika gauni lake la pekee, akaja. Alikuta mna wageni wa maana siku hiyo. Akaambiwa, wewe na kichwa hicho, nje, usituambukizie watu. Mbele ya watoto wote. Akasimama pale nje dirishani mpaka mvua ikamkuta." Akakigeuza kikombe mikononi. "Sasa ni mtu mzima, ana watoto, ana televisheni kubwa kama mlango. Lakini nikienda kwake namwona. Wenzake wamekaa, yeye anatazama amesimama."

Hakusema ni nani aliyemfukuza. Mwalimu akatazama viatu vyake.

Mama Simu akakiweka kikombe chake chini. Hakuwa ameikumbuka siku ile kwa zaidi ya miaka arobaini, na sasa ilirudi nzima nzima. Msimamizi wake wa kazini na mkewe walikaa kwenye kochi, amewasubiri mwezi mzima waje. Kile kichwa kidogo cha zambarau kilitokea mlangoni, na mke wa msimamizi akavuta miguu yake. Akakumbuka hata sauti yake mwenyewe, ile sauti nyororo ya kazini, ikisema nje. Akafungua mdomo bila kujua atasema nini.

"Mi," alisema Fundi.

Tiketi akaishusha leso yake.

"Mi... mi." Mkono wake mzima ulipanda, ukatua kifuani pake. "Mimi."

"Amesema!" Tiketi aliruka. "Amesema neno!"

"Mimi!" alipokea Mwalimu, akasahau kabisa masharti ya daktari. "Neno zima! Kiwakilishi, nafsi ya kwanza umoja! Hongera, Fundi!"

Wakamzunguka, wakamshika mabega. Fundi hakuwatazama. Alikuwa anamtazama Mama Dobi, mkono bado kifuani, akiinamisha kichwa, ndiyo, ndiyo, mimi.

Mama Simu alibaki ameketi. Neno alilolisubiri miezi mitatu, aliloliombea, lilikuwa limekuja, na lilikuwa uongo. Fundi siku ile hakuwa hata ndani. Alikuwa juu ya bati, anazungusha antena. Ingetosha kunyamaza. Wote walikuwa na furaha, mzee ameongea, na mwenye kosa amejitaja. Angeweza kwenda jikoni kuleta chai nyingine, na mambo yangeisha hapo.

"Si yeye," alisema.

Hawakumsikia. Ikabidi arudie kwa nguvu.

"Jamani, si yeye. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemtoa yule mtoto. Fundi alikuwa juu ya bati, hakuona kitu."

Kelele zikakatika. Fundi akafumba macho.

"Najua," alisema Mama Dobi.

"Unajua?"

"Mtoto aliniambia baadaye. Mama mwenye gauni la njano. Lakini kabla hajaniambia, mumeo alibisha hodi; alimkuta dirishani aliposhuka kwenye bati. Amembeba mwanangu mgongoni, wamelowa wote. Akasimama mlangoni pangu akasema, 'Shemeji, mimi ndiye niliyemtoa mwanao, ulimi uliniteleza, nisamehe mimi.' Mtu mzima, analia. Mtoto akamwambia, 'Si wewe, mjomba.' Akamwambia mtoto, 'Nyamaza, ni mimi.'" Mama Dobi akaweka kikombe mezani. "Nikamsamehe kosa ambalo si lake. Lako likabaki."

Mama Simu hakulijua hilo. Alikumbuka tu kwamba mumewe alichelewa kuingia usiku ule, akasema antena ilimsumbua.

"Nisamehe," alisema. Neno lilionekana dogo, akaona haya kulitoa peke yake. "Nilikuwa nataka yule bibi anione mtu wa maana. Sina sababu nyingine. Nisamehe, dada."

Mama Dobi alisimama, akajikung'uta makombo ya biskuti.

"Miaka arobaini na mbili hii. Sijui nikujibu nini leo. Leo nimemjia yeye." Akaenda kwa Fundi, akamgusa bega. Alipofika mlangoni akageuka. "Chai yako nimekunywa," alisema, akatoka.

* * *

Binti alifika Jumapili saa nne, amechoka na safari, akamkumbatia mama yake kwa nguvu kuliko ilivyotarajiwa. Mama Simu alikuwa ameshazifungasha nguo za mzee kwenye mifuko, maana hakutaka ionekane kwamba anamzuia mtoto. Lakini hakuweza kunyamaza.

"Jana baba yako ameongea."

"Kweli? Amesema nini?"

"Amesema 'mimi.' Mwalimu shahidi."

Binti akapiga magoti mbele ya kiti. "Baba, ni mimi. Niambie na mimi nisikie. Sema 'mimi.'"

Fundi alifungua mdomo. Midomo ilikutana, ikaachana, ikakutana, jasho likamtoka kwenye paji la uso, na sauti haikuja. Mama Simu aligeukia dirishani. Ilikuwa kama kumwona mtu akitafuta mfukoni pesa alizozitaja mbele za watu.

"Basi, baba, usijitese," binti alisema, akamfuta jasho. Kisha akamwambia mama yake kwa sauti ya chini, "Sikatai, mama. Lakini hata akiongea, nani atamwinua? Goti lako limevimba, nimeliona tangu naingia. Mimi silali. Kila simu ikilia naogopa."

Alikuwa na haki, na Mama Simu alilijua hilo. Wakajaribu kumwinua pamoja ili wamvishe koti la safari. Binti akamshika huku, mama kule, kila mmoja akivuta kwa wakati wake, na mzee akaning'inia katikati, shati limepanda mpaka kifuani, tumbo wazi. "Ngoja, mama!" "Usimvute mkono huo!" Wakamrudisha kitini wote watatu wakihema.

"Hodi," alisema mtu mlango wa jikoni.

Mama Dobi hakungoja kujibiwa. Mikono ya blauzi alikuwa ameikunja mpaka juu ya viwiko. Aliwatazama, akatikisa kichwa.

"Mnamvuta kama kamba. Sogeeni." Akasimama mbele ya Fundi, akaweka magoti yake yakutane na ya mzee, akakunja miguu, akamkumbatia kiunoni. "Shemeji, egemea kwangu. Usiogope." Akanyooka taratibu, na Fundi akanyooka naye, akawa amesimama wima, kichwa kwenye bega la yule mama. Ilikuwa mara ya kwanza binti kumwona baba yake amesimama tangu hospitali. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mgongo hauinui kitu, miguu ndiyo inayoinua," alisema Mama Dobi bila kuhema. "Blanketi la watu wawili likilowa ni zito kuliko huyu, tena lenyewe halisaidii. Mwenzenu anasaidia." Akamketisha. "Nitakuja asubuhi na jioni. Mchana mama yako atamudu."

"Mama, tutakulipa," binti alisema haraka.

"Hilo nitazungumza na mama yako. Tuna mengi ya kuzungumza."

Binti akapiga magoti tena mbele ya kiti. Safari hii hakumtaka aseme neno. "Baba, unataka twende kwangu?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Unataka kubaki hapa?"

Akakiinamisha, kisha akakiinamisha tena, na tena, mpaka binti akacheka huku machozi yanamtoka. Wakakubaliana wangoje mpaka mwisho wa mwezi. Binti angerudi kuona hali, angeleta karatasi ya mazoezi ya kuongea kutoka kwa yule mtaalamu, na mama angeahidi kutomwinua mzee peke yake hata akiombwa na malaika. Mama Simu akaahidi.

Alimsindikiza Mama Dobi mpaka nyuma, kwenye kamba za kuanikia. Hakujua aanze wapi.

"Hatujamaliza, mimi na wewe," Mama Dobi alisema.

"Najua."

"Usidhani kumwinua mumeo ndiyo nimemaliza."

"Sidhani."

"Tutamaliza polepole. Saa kumi na mbili asubuhi nipo hapa. Mlango wa jikoni usiufunge komeo."

* * *

Alasiri, gari la binti lilipokwisha kuondoka, nyumba ilitulia. Mama Simu alizirudisha nguo za mzee kabatini moja moja, akavuta kiti chake, akaketi mbele ya mumewe, goti lake lililovimba limenyooshwa.

"Sasa tuko wawili," alisema. "Wewe ni mwongo. Ulidanganya wakati ule, ukadanganya na jana, mbele ya Mwalimu na mbele ya Tiketi. Miezi mitatu unalitafuta neno, ukilipata unalitumia kunisingizia wema. Kwa nini?"

Fundi alimtazama. Midomo ikaanza kazi yake. Mama Simu aliona neno linavyopanda, linakwama, linarudi, linapanda tena, na mara mbili alikuwa karibu kumsaidia, akakaza meno. Nje mtu alipita na baiskeli. Chai ikapoa kikombeni.

"Ni," alisema Fundi.

Akangoja.

"Ni... me..." Mkono mzima ukashika goti la mkewe, lile zima. "Ni-me... zo-ea."

Mama Simu alicheka. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akainamisha kichwa kwenye mapaja ya mumewe, na hapo kicheko kikageuka, mabega yakaanza kutikisika kwa namna nyingine. Fundi aliuweka mkono wake juu ya kichwa cha mkewe, mzito na wenye joto, na hakuuondoa.